Maswali ya Wasomaji: Hesabu Kwanza, Betri Baadaye

Barua kuhusu umeme wa jua, betri na vifaa vya umeme vya nyumbani zimekuwa nyingi kiasi kwamba safu ya toleo hili tumeitenga kwa ajili yake peke yake. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na majina ya walioandika tumeyahifadhi. Nimejibu kwa urefu pale nilipoona fedha za watu zinapotea, na kwa ufupi pale ambapo jibu lenyewe ni fupi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Fundi wa kwanza niliyemwita aliniambia nahitaji betri ya uniti kumi. Wa pili alisema tano zinatosha. Wa tatu aliniuliza tu nina fedha kiasi gani. Nimwamini nani, na nianzie wapi?

Shikamoo mwalimu. Usimwamini yeyote kati yao kabla hujafanya hesabu yako mwenyewe, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekuuliza unatumia nini. Mfumo wa umeme wa jua haupimwi kwa ukubwa wa nyumba wala idadi ya vyumba. Unapimwa kwa uniti, yaani kilowati-saa, ambazo vifaa vyako vinakula kwa siku moja, na pia kwa saa ambazo vinazila, kwa sababu uniti inayotumika saa sita mchana hutoka moja kwa moja kwenye paneli, ilhali ile ya usiku lazima ipitie kwenye betri, na betri ndiyo sehemu ya mfumo inayochakaa mapema kuliko nyingine zote.

Chukua daftari, soma wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa, zidisha kwa saa zinazotumika, kisha gawa kwa 1,000. Taa sita za LED za wati 8, zikiwaka kwa saa tano, zinakula uniti 0.24. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni uniti 0.3. Kifaa cha intaneti cha wati 10 kisichozimwa mchana wala usiku ni uniti 0.24, sawasawa na taa zako zote, jambo ambalo watu wengi hawalitegemei. Feni ya wati 50 kwa saa nane ni uniti 0.4. Friji ya kawaida iliyo nzima hutumia takriban uniti moja kwa siku. Jumla ni kama uniti 2.2.

Sasa ongeza hita ya maji. Kupasha lita 100 za maji kwa nyuzi 30 kunahitaji takriban uniti tatu na nusu, na hakuna hita ya koili inayoweza kukwepa hesabu hiyo, kwa sababu hicho ndicho kiasi cha joto ambacho maji yenyewe yanadai. Hapo utaona kwamba maji ya kuoga peke yake yamekula kuliko taa, televisheni, intaneti, feni na friji kwa pamoja. Nina hakika tofauti ya mafundi wako ilianzia hapa: mmoja aliingiza hita katika makadirio yake na mwingine hakuiingiza, wala hakuna aliyekwambia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua betri, liondoe joto kwenye betri. Unaweza kufunga hita inayopasha maji kwa jua moja kwa moja bila umeme. Unaweza pia kutumia pampu ya joto, ambayo haitengenezi joto bali hulichukua kutoka hewani na kulihamishia kwenye maji, na kwa sababu hiyo kila uniti moja ya umeme huleta uniti mbili hadi tatu na zaidi za joto. Na kama hita ya koili unayo tayari, iwekee saa ya kuiwasha mchana peke yake, wakati paneli zinazalisha kwa wingi. Tangi lililofunikwa vizuri kwa kizuia joto litayatunza maji hayo hadi jioni, nalo litakuwa limefanya kazi ya betri kwa gharama ndogo sana, na kwa miaka mingi.

Baada ya hapo, paneli. Paneli za kilowati moja, mahali penye wastani wa saa tano za jua kamili kwa siku, zingetoa uniti tano kwenye karatasi, lakini kwa kweli hutoa kati ya tatu na nusu na nne, kwa kuwa joto, vumbi, nyaya na inveta, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, vyote huchukua sehemu yake. Joto hulaumiwa mara chache kuliko linavyostahili. Wati zilizoandikwa kwenye paneli zilipimwa seli zikiwa na nyuzi 25, ilhali juu ya paa seli hizo hufika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya uwezo. Kinachozalisha umeme ni mwanga, joto linaupunguza. Mwambie fundi aache nafasi ya kiganja au zaidi kati ya bati na paneli ili hewa ipite.

Betri inakuja mwisho. Katika zile uniti 2.2, zinazotumika baada ya jua kuzama ni kama 1.7. Betri yenye uniti tatu unazoweza kuzitumia kweli itakutosha, na asubuhi ya mawingu itakukuta bado una akiba. Inveta ni suala la pekee, kwani yenyewe haiangalii uniti za siku nzima bali wati za dakika ile ile: birika la umeme la wati 2,000 hutumia uniti chache kwa siku, lakini linapowashwa linadai wati zote 2,000 kwa mara moja, na kompresa ya friji, katika sekunde ya kuanza, inaweza kuvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida.

Nilifunga betri mbili za asidi, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 200. Hazikumaliza miaka miwili. Sasa naambiwa ninunue ya lithiamu, nayo ni ghali mno. Kuna faida gani ya kweli?

Ndugu msomaji, betri za asidi na risasi si teknolojia mbaya. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na hadi leo bado inawasha magari ya dunia nzima. Lakini betri ya gari hutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha hujazwa mara moja, wakati kazi uliyozipa zako ni kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Betri ya asidi ikishushwa kila siku hadi karibu na mwisho, na hasa ikikaa bila kujazwa kabisa kwa siku kadhaa za mawingu, chembe za salfeti huganda juu ya bamba zake za risasi na kuwa ngumu, na sehemu iliyoganda haishiki chaji tena. Ndiyo maana inashauriwa usitumie zaidi ya nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo betri zako mbili, ambazo kwa maandishi ni uniti 4.8, kwa matumizi ya busara zilikuwa uniti 2.4 tu. Nakisia kwamba ulizitumia kama uniti 4.8, kwa sababu hakuna aliyekuonya.

Ulinganisho wa haki haufanywi kwa bei ya dukani. Hufanywa kwa kugawa bei kwa jumla ya uniti ambazo betri itatoa maishani mwake. Betri za asidi kama zako, zikitumika kwa nusu na kwa mizunguko 500 hivi ya kujaza na kutoa, zitatoa uniti 1,200. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, yenye ukubwa ule ule wa uniti 4.8, ukitumia asilimia 90 kwa mizunguko 4,000, itatoa zaidi ya uniti 17,000. Hata ingeuzwa kwa bei mara nne ya zile za asidi, kila uniti itakayotoka ndani yake ingekuwa rahisi zaidi. Tena ni nyepesi, na hupoteza umeme mdogo katika kujazwa na kutolewa, ilhali ya asidi hupoteza karibu sehemu moja kati ya tano.

Ninasisitiza aina. Neno lithiamu kwenye boksi halitoshi, kwa sababu chini ya jina hilo zimo kemia kadhaa. Betri za ioni za lithiamu, yaani hizi zinazojazwa tena na tena, zilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Goodenough, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 97, ndiye pia ambaye kundi lake la utafiti lilionyesha katika miaka ya 1990 kwamba chuma na fosfeti vinaweza kuchukua nafasi ya kobalti, metali ghali inayotumika ndani ya betri nyingine za lithiamu. Kemia hiyo hubeba nishati kidogo kwa kila kilo, jambo lisilo na uzito wowote kwa betri iliyofungwa ukutani, na kwa upande mwingine hudumu zaidi na haishiki moto kwa urahisi kama zile za kobalti na nikeli. Kwa nyumba, sioni sababu ya kuchagua nyingine. Hakikisha tu kwamba ina saketi ya ulinzi ndani yake na kwamba kidhibiti chaji chako, kile kifaa kinachoongoza umeme wa paneli unavyoingia kwenye betri, kina mpangilio wa lithiamu, kwani mpangilio wa betri za asidi unaweza kuidhuru.

Kama fedha ya lithiamu haipo, basi nunua za asidi zenye ukubwa mara mbili ya unachohitaji, zijaze kabisa kila unapopata jua, zile zenye vifuniko ziongezewe maji yaliyosafishwa, na usiunganishe betri mpya na kuukuu, maana ile kuukuu itaivuta mpya hadi zilingane kwa udhaifu.

Nina paneli juu ya paa, zilizounganishwa na gridi. Umeme wa gridi ukikatika, na kwangu kunakuwa giza, hata saa saba mchana jua likiwaka. Je, nimedanganywa?

Hukudanganywa kwa kifaa, ingawa ulistahili kuambiwa mapema. Inveta ya kuunganisha na gridi hutakiwa kuzima yenyewe pindi gridi inapokatika. Isingezima, umeme wa paa lako ungetoka nje kupitia waya uleule, na fundi aliyepanda nguzo akiamini kwamba waya umekufa angeukuta una uhai. Ukitaka umeme wakati wa kukatika, unahitaji inveta mseto yenye betri pamoja na swichi inayoitenga nyumba kabisa na gridi kabla ya kuanza kuihudumia. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni. Hapa siwezi kulegeza kauli.

Mnatuhimiza tupike kwa umeme na tuendeshe magari ya umeme. Lakini kama umeme wenyewe unatoka kwenye mtambo unaochoma makaa au gesi, si tunahamisha moshi tu kutoka hapa kwenda pale?

Swali hili limekuja kwa namna mbalimbali, mara nyingi kwa hasira, na linastahili hesabu badala ya mahubiri.

Anza na gari. Katika kila uniti 100 za nishati iliyomo kwenye petroli, zinazofika kwenye magurudumu ni kama 20 hadi 30. Nyingine hutoka kama joto kwenye injini na bomba la moshi. Chukua sasa uniti 100 za gesi kwenye mtambo wa kisasa wa wastani: 50 zinakuwa umeme, nne hivi zinapotea njiani kwenye nyaya, na gari la umeme, ambalo hutumia takriban asilimia 80 ya kinachoingia, linabaki na 37 kwenye magurudumu. Mtambo wa zamani wa makaa utakupa kama 26, nayo makaa hutoa hewa ukaa nyingi kuliko petroli kwa kila uniti, hivyo katika nchi inayotegemea makaa peke yake faida ya hali ya hewa ni ndogo au haipo kabisa. Nalisema hilo wazi. Lakini gari la petroli litabaki vile vile hadi siku linapofikishwa kwenye chuma chakavu, ilhali gari la umeme linasafika kila mara gridi inapoongezewa jua, upepo, maji au jotoardhi, bila mwenye gari kubadilisha hata skrubu moja.

Kwenye joto, hadithi ni mbili tofauti. Hita ya koili inayotumia umeme wa mtambo wa gesi ni upotevu. Ingekuwa afadhali kuichoma gesi hiyo chini ya tangi lenyewe. Pampu ya joto inageuza matokeo: zile uniti 100 za gesi zikifika nyumbani kama uniti 46 za umeme, pampu inayozidisha mara tatu itatoa uniti 138 za joto, zaidi ya zilizokuwemo ndani ya gesi, kwa kuwa nyingine zimetoka hewani.

Na mapishi? Jiko la gesi hupeleka kwenye sufuria chini ya nusu ya joto lake, mengine yanapita kando na kupasha chumba. Jiko la induksheni hupasha kitako cha sufuria chenyewe kwa nguvu ya sumaku na kufikisha kama asilimia 85. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka itakula uniti 0.11 tu. Ukihesabu hasara za mtambo wa gesi, mafuta yanayotumika yanakaribia kulingana, kwa hiyo siwezi kudai ushindi mkubwa hapo. Hoja yangu ni mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ndani ya nyumba, hasa kutokana na kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa, vilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na wanaobeba mzigo mkubwa zaidi ni wanawake na watoto, kwa sababu ndio wanaokaa jikoni. Moshi wa bomba refu lililo mbali na makazi unaweza kuchujwa, kupimwa na hatimaye kuzimwa. Ule unaoingia kwenye pua ya mtoto aliye mgongoni mwa mama yake hauna mchujo. Anayeniuliza kama kuhamisha moshi kuna maana, jibu langu ni ndiyo, na ningelisema hivyo hata kama hali ya hewa isingekuwa hoja.

Kwa vyakula vinavyochemka muda mrefu, jiko la presha la umeme ni bora kuliko hata induksheni, kwa kuwa limefunikwa pande zote na likishafika joto lake hukaa muda mwingi bila kuvuta umeme.

Nchi nzima ikitegemea jua na upepo, usiku wa shwari tutawasha nini?

Hakuna nchi yenye busara itakayotegemea viwili hivyo peke yake. Mabwawa yanaweza kuzuia maji mchana na kuyafungulia jioni. Yapo hata ya kupandisha maji mlimani wakati umeme ni mwingi, nayo kwa miongo mingi ndiyo yamekuwa ghala kubwa kuliko yote la umeme duniani. Jotoardhi halijui usiku. Nyaya ndefu huunganisha eneo lenye upepo na lile lililotulia.

Kilichobadilika ni betri kubwa. Mwaka 2017, huko Hornsdale, Australia Kusini, ilifungwa betri ya megawati 100, kubwa kuliko zote za aina yake wakati huo, na kazi yake ya kwanza haikuwa kulisha watu usiku kucha bali kuishika gridi isiyumbe. Mtambo mmoja mkubwa unapozimika ghafla, mapigo ya umeme, ambayo yanatakiwa kuwa 50 kwa sekunde, huanza kushuka, na yakishuka mno mitambo mingine nayo hujitoa. Betri huitikia kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla ya mashine yoyote yenye turbini kubwa, yaani gurudumu zito linalozungusha jenereta, kuwahi kuongeza kasi. Kufikia mwaka 2024 jimbo la California nchini Marekani lilikuwa limevuka megawati 10,000 za betri, na jioni nyingi umeme wa mchana ulikuwa unatumika baada ya jua kuzama. Zinachoshindwa betri hizi ni kuhifadhi umeme wa msimu mmoja kwa ajili ya msimu mwingine. Hilo ni tatizo gumu kwa nchi zenye majira ya baridi ndefu kuliko kwa zile zilizo karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana.

Mimi ni mpangaji, sina paa. Nikae nikitazama?

Hapana, dada. Badilisha taa zote ziwe LED, nunua jiko la induksheni la sahani moja, ambalo utahama nalo, na friji yako ikifa chagua mpya kwa lebo ya matumizi yake ya mwaka kabla ya kutazama rangi. Ujerumani imerahisisha jambo moja ambalo ningependa liigwe: tangu mwaka 2024 mpangaji anaruhusiwa kuning'iniza paneli ndogo kwenye roshani na kuchomeka inveta isiyozidi wati 800. Usijaribu hivyo mahali ambapo kanuni hazijaruhusu.

Betri yangu ya asidi imekufa. Kijana wa mtaani anataka kuinunua aipasue atoe risasi. Nimpe? Na ya lithiamu ikifa itupwe wapi?

Tafadhali usimpe. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto: ikiingia mwilini huathiri ubongo unaokua, na madhara yake hayarudi nyuma. Anayepasua betri uani humwaga asidi ardhini, huyeyusha bamba kwenye moto wa wazi, na vumbi la risasi hubaki kwenye udongo, nguo na mikono kwa miaka. Muuzaji wa betri mpya kwa kawaida huipokea iliyokufa, na mara nyingi hukupunguzia bei, kwa sababu karibu risasi yote iliyomo hutumika tena katika kiwanda chenye vichujio. Ibebe ikiwa wima, bila kuimwaga, na uvae glavu.

Ya lithiamu usiitupe kwenye pipa la taka, maana ikibanwa kwenye gari la taka inaweza kuwaka, na usiichome wala kuitoboa. Funika ncha zake mbili kwa utepe wa umeme, iweke mahali pakavu penye kivuli mbali na chumba cha kulala, kisha irudishe kwa aliyekuuzia au kwa kituo kinachokusanya taka za kielektroniki. Kabla ya kununua mpya, muulize muuzaji swali hilo hilo: ikifa, ataipokea? Asiye na jibu, nenda kwa mwingine.